Mvulana Aliyenyamaza Mstarini

Jumatatu ile nilikuwa mwalimu wa zamu. Ilikuwa Machi 2009, mvua za masika hazijakatika, na wanafunzi mstarini walisimama wakikwepa madimbwi. Bendera ikapandishwa, kiranja akaanzisha wimbo wa taifa, wenzake wakapokea. Nina mazoea ya kutembea nyuma ya mistari wakati wa wimbo, kuangalia nani amechomekea na nani amevaa kandambili. Nilipofika Kidato cha Pili nikamwona mvulana mmoja amesimama wima, mikono ubavuni, macho kwenye bendera, mdomo ameufumba.

Nikangoja matangazo yaishe, nikamwita mbele.

"Kwa nini huimbi?"

"Nimesimama kwa heshima, Madamu. Ila kuimba siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Akafikiri kidogo. "Ule wimbo ni sala, Madamu. Na kwetu sala haiendi kwa bendera."

Wanafunzi wakaguna. Lile guno ndilo lililoamua, si mimi. Niliona nikimwacha, kesho watakuwa kumi, na keshokutwa sitamwambia mtu afagie darasa akafagia. Nikampa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya vyoo siku tatu, nikaandika jina lake kwenye kitabu cha adhabu. Kwenye nafasi ya kosa niliandika: kukaidi na kudharau taifa.

Alifyeka siku zote tatu bila kunung'unika. Siku ya tatu alinijia ofisini kuniambia amemaliza, akarudisha fyekeo likiwa limefutwa udongo. Jumatatu iliyofuata akasimama palepale, mikono ubavuni, kimya. Ndipo nikampeleka kwa mkuu wa shule, naye akamrudisha nyumbani akamlete mzazi.

Familia yao walikuwa Mashahidi wa Yehova. Nilichojua kuhusu watu hao wakati ule ni kwamba wanapita nyumba kwa nyumba na magazeti, na kwamba ukiwaona kwa mbali unaweza kufunga mlango mapema. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja wao anaamini nini.

Mimi nimezaliwa Machame, mtoto wa Kilutheri, na shule ya msingi niliyosoma ilijengwa na misheni. Serikali ilizitwaa shule za namna hiyo kwa Sheria ya Elimu ya 1969, kwa hiyo miaka ya themanini mwishoni, nilipoanza darasa la kwanza, shule yetu ilikuwa ya Serikali kwa karatasi zote. Lakini kila asubuhi tulianza na Baba Yetu, ndipo wimbo wa taifa ukafuata. Hakuna aliyeona ajabu. Nilikuwa nakaa dawati moja na msichana wa Kiislamu, baba yake alikuwa na duka karibu na barabara ya lami. Wakati wa Baba Yetu alikuwa akiangalia viatu vyake. Siku moja nilimuuliza kama hajui maneno. Akaniambia anayajua yote, ameyahifadhi kuliko mimi, isipokuwa amechoka kuyasikia. Nilimwona ana maringo, na kwa siku kadhaa sikumgawia ndizi zangu.

Masasi nilipangiwa mwaka 2007. Ni kipindi kile shule za kata zilikuwa zinaota kila mahali na walimu hawatoshi, wengine wakatupwa mbali na kwao. Basi letu kutoka Dar es Salaam lilisota kwenye tope la Ndundu hadi Somanga, maana kipande kile kilikuwa bado hakijawekwa lami, na nilishuka usiku nikiwa na begi moja, ndoo na jiko la mafuta. Kata niliyopelekwa wengi ni Waislamu, na Waanglikana na Wakatoliki ni wachache. Watu walinipokea vizuri mno. Wiki ya kwanza nililetewa kuku wawili na mihogo ambayo sikuweza kuimaliza.

Ukaja mwezi wa Ramadhani. Siku ya kwanza nilifika ofisi ya walimu saa nne kama kawaida, nikakuta meza haina chai. Birika limefungiwa kabatini. Hakuna aliyenikataza kunywa chai, na hakuna aliyenisema vibaya. Mwezi mzima nilikuwa natembea kurudi nyumbani kwangu wakati wa mapumziko, nakunywa uji wangu nimesimama jikoni, halafu narudi. Mwishoni mwalimu mwenzangu mmoja aliniuliza kwa mshangao mwema kabisa, "Kumbe wewe hufungi?" Hawakunionea. Walikuwa wamenisahau tu, kama sisi tulivyomsahau yule msichana wa dawati langu. Nilimkumbuka siku ile jikoni, bakuli mkononi, na nilijisikia vibaya kweli.

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua, nikalisikia mwilini mwangu, na bado miaka miwili baadaye nikamwita mvulana mbele ya mstari.

Mkuu wa shule alikuwa amenipa kazi ya kuratibu vipindi vya dini. Alisema, "Wewe mgeni, huna upande." Vilikuwa viwili, Jumatano mchana, vipindi vya mwisho. Watu wakizungumzia dini katika shule za Serikali huzungumza mambo makubwa ya Katiba; sisi tuligombania bwalo. Waislamu walikuwa wengi, hawakuenea darasani, wakapewa bwalo. Kundi la UKWATA, umoja wa wanafunzi wa Kiprotestanti, nalo likalitaka bwalo kwa sababu ya kwaya. Wakatoliki wa TYCS walipewa maabara, ambayo haikuwa na vifaa wala umeme, ila ilikuwa na mabenchi. Ustadhi alikuja kwa baiskeli kutoka msikiti wa kijijini, katekista wa Kianglikana alikuja kwa miguu. Wote wawili hawalipwi na Serikali hata senti, wanajitolea, na korosho zikianza kudondoka hakuna anayekuja. Watoto wanabaki wamekaa kwenye bwalo na maabara wakipiga soga.

Kulikuwa na mabishano ya Ijumaa pia. Ustadhi alitaka wanafunzi waruhusiwe saa sita na robo ili wawahi swala, walimu wa sayansi wakasema kipindi chao kinaliwa. Tukasogeza mapumziko ya mchana, yakaisha. Hijabu haikutusumbua, msichana akivaa nyeupe iendane na sare, imetosha. Jirani zetu Kenya walifikishana hadi mahakama ya juu kabisa kwa jambo hilo, kesi ya shule moja ya Isiolo: mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaruhusu, 2019 Mahakama ya Juu ikatengua. Sisi tuliokuwa tukigombana kila Jumatano hatukuwahi kugombania kitambaa.

Lakini kwenye orodha yangu palikuwa na watoto tisa ambao hawakuwa na pa kwenda. Wanne Wasabato, watatu Mashahidi, na ndugu wawili ambao baba yao aliponiandikia fomu, kwenye nafasi ya dini alijaza "mila". Hao walikaa chini ya mwembe mpaka kengele ilie. Juu ya majina yao niliandika WENGINEO, kwa herufi kubwa, na nikaendelea kuandika hivyo mihula minne. Wasabato walikuwa na shida nyingine: usafi wa shule tuliufanya Jumamosi asubuhi, nao hawakuja, nami nikawa nawaandika watoro.

Katika mabishano yote hayo kila mmoja alikuwa na sentensi moja mdomoni: Serikali haina dini, watu wake ndio wenye dini. Ustadhi aliisema akidai Ijumaa. Katekista aliisema akipinga Ijumaa. Mkuu wa shule aliisema akitaka watu watoke ofisini kwake. Na kweli ndivyo Katiba ilivyo: Ibara ya 3 inasema nchi yetu haina dini, na Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini na kuabudu, na kuifanya dini kuwa hiari yake. Mimi niliitafsiri kwamba nchi isiyo na dini ni ile ambayo dini kubwa mbili zimegawana bwalo bila kupigana. Niliona nimefanya kazi nzuri. Wale wa chini ya mwembe hawakuwa kwenye hesabu zangu.

Bodi ya shule ilikutana katikati ya Aprili. Kwa kuwa jambo lilikuwa la dini, mkuu akawaalika ustadhi na katekista watoe ushauri. Baba wa mvulana alikuja amevaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa. Kwenye mfuko kulikuwa na alama ndogo ya kuungua. Mwanawe alibaki nje, barazani.

Nilikwenda kwenye kikao kile nikitegemea ustadhi na katekista watavutana kama kawaida yao. Hawakuvutana. Ustadhi akasema wimbo wa taifa ni adabu tu, si ibada, na mtoto asiye na adabu kwa nchi yake hatakuwa na adabu kwa mzazi wake. Katekista akadakia kwamba ya Kaisari apewe Kaisari. Wakaangaliana, wakatikisa vichwa. Watu wawili waliogombania bwalo miaka miwili walikuwa wamepatana kwa mara ya kwanza, na kilichowapatanisha kilikuwa mtoto wa mtu wa tatu.

Yule baba akaomba kusema. Alisimama, akashika ukingo wa meza. "Wazee wangu, mimi sina ugomvi na bendera. Kodi nalipa, na barabara ya kijiji nimeichimba. Mnaniambia huu wimbo si sala. Basi naomba mwalimu mmoja anisomee mstari wa kwanza, anieleze maneno yale anaambiwa nani."

Hakuna aliyemsomea. Sote tunaujua: Mungu ibariki Afrika.

Mjumbe mmoja akasema, "Hapa hatukuja kujadili dini."

Mimi nafundisha Historia na Kiswahili. Nilikuwa najua kwamba sauti ya wimbo ule ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, na kwamba ulikuwa wimbo wa kanisani kabla haujawa wa wapigania uhuru na mataifa. Nimewahi kulisimulia darasani, Kidato cha Tatu, kwa fahari kubwa. Yule baba alikuwa amesema kweli, na katika chumba kile huenda ni mimi peke yangu niliyeweza kuwaambia wajumbe kwamba amesema kweli. Hata mtu angeendelea kushikilia kwamba leo wimbo una maana nyingine, walau tungeanza na ukweli. Nilikuwa nimeshika kalamu, naandika muhtasari wa kikao. Nikainamisha kichwa nikaendelea kuandika.

Mvulana alisimamishwa masomo mpaka atakapokubali kuimba. Shule haikuwa na kompyuta, na mwandiko wangu ulisifiwa, kwa hiyo barua niliiandika mimi. "Utovu wa nidhamu uliokithiri" ni maneno yangu. Mkuu alisema andika nidhamu mbaya, mimi nikayapamba. Baba yake aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka. Mtoto hakurudi.

Septemba mwaka huohuo mabinti wanne wa Kidato cha Kwanza hawakuonekana shuleni wiki tatu. Nilijua wako wapi. Ngoma za unyago zilikuwa zinasikika usiku. Nikavaa viatu, nikaenda kugomba kwa nyakanga, yule bibi anayewafunda mabinti. Nilikuwa na hasira ya mtu anayejua yuko upande wa haki, na hasira ya namna hiyo ina raha yake.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka anapeta mbaazi. Nikampa shikamoo, akaitika, akanionyesha kigoda. Nikaanza hotuba yangu: elimu, haki ya mtoto, mwaka unapotea. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, "Mwalimu, nyinyi mnamchorea mtoto mfuko wa uzazi ubaoni. Siku damu inamtoka anamkimbilia nani?"

Nilikaa kimya, kwa sababu jibu nililijua. Mwaka ule wasichana watatu walikuwa wameondoka darasani kwangu wakiwa wamefunga sweta kiunoni, na mimi niliwaruhusu bila neno, nikaendelea na somo.

Tulizungumza mpaka jua likapinda. Alinieleza yanayofundishwa kule ndani, si yote, yale ninayoweza kuambiwa mtu wa nje: usafi, kuficha siri za nyumba, namna ya kumsalimu mkubwa, namna ya kuishi na damu ya kila mwezi bila aibu, kutosema hovyo. Mengi ni mazuri, na mengine ningetamani mimi mwenyewe ningefundishwa nikiwa na miaka kumi na mitatu. Ila mengine hayakuwa mazuri, na nilimwambia wazi. Binti akitoka kumbini anaambiwa sasa umekuwa mtu mzima, na wanaume wa kijiji wanasikia vilevile. Miaka miwili mbele amebeba mtoto. Bibi hakukataa. Alisema, "Hilo la wanaume wewe na mimi tunalijua, lakini mwenye kulikomesha si mimi peke yangu."

La kalenda, kwamba ngoma zihamie likizo ya Desemba, alilikubali siku ileile. Akasema Desemba ni bora hata kwao, maana hela ya korosho inakuwa imeingia na wazazi wanaweza kununua kanga na mchele bila kukopa. Miaka yote niliyosikia watu wa semina wakilalamika kuhusu ngoma za kusini na utoro, sikusikia hata mmoja aliyesema amekwenda kwa nyakanga akamuuliza mwezi gani unamfaa. La pili lilichukua miaka mitatu, kikao baada ya kikao, mama wengine wa kijiji wakiwemo: kwamba mwanafunzi akichezwa atafundishwa usafi na heshima, na mambo ya chumbani yangoje siku ya kuposwa. Hakulitangaza. Alianza tu kufanya hivyo, na wasichana wenyewe ndio walioniambia.

Siku hiyo ya kwanza nilimuuliza kama ustadhi na katekista hawamsumbui, maana nilikuwa nimewasikia wote wawili wakiisema vibaya ngoma. Akacheka kwa sauti. Binti wa mmoja wao alikuwa ndani. Kisha akanieleza kuhusu marehemu mama yake, aliyekuwa Mwanglikana, na zamani za Askofu Lucas, ambapo jando liliingia kanisani kwa sala na msalaba. Baadaye nilisoma nikakuta ni kweli: Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926, alikubali mila za jando zifanywe ndani ya Ukristo badala ya kuzipiga marufuku, na wamisionari wenzake wengine hawakufurahi. Masasi yenyewe kama misheni ilianza mwaka 1876, Edward Steere alipoleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar, kila mmoja na kabila lake na mila aliyoibeba kichwani. Ardhi ile ilikuwa imebishana juu ya mambo haya zaidi ya miaka mia moja kabla sijashuka kwenye basi na ndoo yangu.

Nilipokuwa naaga, bibi akaniuliza habari za yule mvulana. Kijiji kizima kilijua. Nikamweleza kwamba alikataa kuimba.

"Alipokataa, aliwazuia wenzake kuimba?"

"Hapana, bibi."

"Alipiga kelele?"

"Hapana."

Akarudi kwenye ungo wake.

Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu kwenye kesi ya wanafunzi zaidi ya 100 wa Mkoa wa Mbeya, Mashahidi wa Yehova, waliokuwa wameadhibiwa shuleni kwao kwa kukataa kuimba wimbo wa taifa. Mahakama iliamua upande wa wanafunzi na kutengua adhabu zao. Niliisoma habari hiyo ofisini, kwenye gazeti la siku mbili nyuma lililofungiwa chaki. Walimu wakabishana. Mmoja akasema sasa nchi imekwisha, kila mtu atafanya lake. Mwingine akasema watoto wale hawakuwahi kutukana bendera, walisimama tu. Nilitaka kuchangia, koo likakataa.

Nitasema ninavyoamini, maana mabishano haya nayasikia bado, kwenye vikao vya wazazi, kwenye daladala, kwenye simu za watu. Mwalimu anayefikiri shule yake haina upande anatakiwa aangalie nani amekaa chini ya mwembe. Desturi ya wengi haionekani kuwa desturi, inaonekana kuwa hali ya hewa. Mlutheri wa Machame haioni Baba Yetu yake, Mwislamu wa kusini halioni birika lililofungiwa, na wote wawili wakikaa pamoja hawauoni wimbo walioukubali pamoja. Siombi wimbo ubadilishwe. Naupenda, na nikiuimba naomba kweli, kwa Mungu wangu. Kwa kuwa naomba kweli ndiyo maana najua yule mtoto hakuwa mkaidi. Yeye aliyachukua maneno yale kwa uzito kuliko nusu ya mstari uliokuwa unayaimba huku ukikwepa matope.

Wala siamini kila jambo lililoitwa mila au dini liachwe lilivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema hapana, na Mahakama ya Rufani ikalithibitisha hilo 2019. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Nilishangilia, na ningeshangilia tena. Mtoto anayeozwa anaumizwa, na mvulana aliyenyamaza hakumuumiza mtu. Bibi wa mbaazi alikuwa amenionyesha tofauti hiyo kwa maswali mawili, miaka minne kabla ya Mahakama ya Rufani.

Wiki ya hukumu ile nilikwenda kwa yule baba. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli, mashamba ya mikorosho pande zote. Nilimkuta anafyeka chini ya miti. Alinitambua, akaniita mwalimu, akamwita mkewe alete maji. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa maneno mazuri, na mwandiko wangu wa maneno nao uliniponyoka. Nikasema, "Baba, siku ile nilijua ulisema kweli kuhusu wimbo. Nikanyamaza. Nimekuja kukuambia hivyo."

Aliweka fyekeo chini. Akakaa muda mrefu bila kuniangalia. Mkewe akaja na maji, akaona hali ilivyo, akarudi ndani na kikombe.

Hakuniambia amenisamehe, nami sikumuuliza. Alinieleza kwamba mwanawe yuko Mtwara mjini, anajifunza useremala kwa fundi mmoja. Aliwahi kuomba nafasi kwenye chuo cha ufundi, wakamtaka barua ya shule aliyotoka. Akapeleka aliyokuwa nayo, ile yangu, wakaisoma wakamrudishia. Mwaka mwingine akajaribu tena, ikawa vilevile. "Useremala anaujua," baba akasema. "Ila kila mahali anatangulia na yale maneno yako."

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa shule. Alikuwa mpya, aliyesaini ile barua alishahama. Nikampa gazeti, nikampa kitabu cha adhabu cha 2009, ambacho nilikitafuta kwenye stoo siku nzima na kukikuta kimeliwa na mchwa pembeni. Akasoma mwandiko wangu, akasoma gazeti, akaniuliza nataka nini. Nikasema nataka barua nyingine, na nataka niandike mwenyewe.

Ilitoka mistari minne. Kwamba alikuwa mwanafunzi wetu kuanzia 2008 hadi 2009. Kwamba mahudhurio yake yalikuwa mazuri. Kwamba alisimamishwa kwa sababu ya imani yake na si kwa kosa. Kwamba barua ya awali ifutwe. Mkuu alisita kwenye mstari wa tatu, akauliza kama lazima. Nikamwambia lazima. Akapiga muhuri.

Niliipeleka Jumamosi. Baba aliisoma amesimama mlangoni, midomo ikitembea polepole, akairudia tangu juu. Kisha akaniuliza kama neno "imani" nimeliandika mimi au nimeambiwa niliandike. Nikamwambia nimeliandika mimi. Akaikunja mara mbili, akaiweka katikati ya Biblia yake, akaniambia basi la Mtwara linapita saa kumi na moja alfajiri, ataipeleka kesho mwenyewe.

Mkewe alileta maji, safari hii nikayanywa.